Mkuu wa Wilaya ya Utupu

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu bado ni changa, na mtoto hasemwi mbele za watu. Ilikuwa na bendera mpya, wimbo mpya, na Rais ambaye wakati huo alikuwa mpya na akaendelea kuwa mpya kwa miaka mingi. Mashariki ilipakana na bahari, na bahari ilikataa kusogea ingawa kamati iliundwa. Kwa hiyo ikabaki Magharibi.

Asubuhi moja Rais alihutubia taifa kwa redio. Alisema ameamka akahisi mipaka inambana kwapani.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtoto akikua hatumpunguzi mikono ili aenee kwenye shati. Tunamshonea shati jingine. Taifa letu limekua. Huko Magharibi kuna ardhi isiyo na mtu. Imelala tu, haina hata wa kuiamsha. Nawaagiza mkaiamshe."

Watu walishangilia sana, hasa wale ambao hawakuwa na nia ya kwenda.

Bunge nalo halikulala. Likapitisha Sheria ya Utupu, yenye kifungu kimoja tu, kwamba Magharibi ni tupu. Mbunge mmoja wa mpakani alisimama akasema yeye ana shangazi yake huko. Spika akamwuliza kama shangazi huyo yumo ndani ya ukumbi. Mbunge akajibu hayumo. Spika akasema basi hoja imejijibu yenyewe, na watu wakaenda kunywa chai.

Kisha akateuliwa Mkuu wa Wilaya ya Utupu, jina lake Bwana Mtandika. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na imani kubwa, na hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa kusimamia maegesho ya magari ya Ikulu. Waliomteua walisema hakuna mtu nchini mwenye uzoefu kama wake wa kutazama nafasi tupu na kuamua nani aingie.

*

Miongoni mwa waliojitolea kwenda kuiamsha ardhi walikuwamo mtu na mkewe, Kibwana na Sikudhani. Kibwana alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, mpole, mwenye miwani ya vioo vinene ambayo bila hiyo dunia yote kwake ilikuwa ukungu. Sikudhani alikaanga vitumbua mlangoni. Walipanga chumba kimoja, na humo waliishi wao pamoja na magodoro ya wateja. Kibwana alipopata kazi nyingi, mtu na mkewe walilala wameketi.

Alichokitaka Sikudhani duniani kilikuwa kidogo. Alitaka mahali pa kupanda mahindi yake, ayatazame yakiota, bila mtu kumwambia asogee.

"Twende," alimwambia mumewe. "Wanasema kila familia itapewa ardhi yote itakayoiona kwa macho."

Kibwana alivua miwani akaifuta. "Kwa macho ya nani?"

"Yangu mimi. Wewe utabeba mizigo."

Na kweli huo ndio uliokuwa utaratibu. Mhamiaji angepanda juu ya kreti ya soda, atazame, na atakachokiona ni chake. Familia moja ilikwenda na mjomba wao mrefu kuliko mlango, wakabeba na ngazi. Serikali ikatafakari jambo hilo kwa kina, ikapiga marufuku ngazi na kuwaruhusu wajomba.

Wakaondoka kwa malori, bendi ikipiga. Barabara iliishia pale bajeti ilipoishia, na kutoka hapo wakatembea, Bwana Mtandika mbele na bendera, Kibwana nyuma na godoro kichwani. Wakafika kwenye bonde la kijani lenye kisima katikati. Mdomo wa kisima hicho ulikuwa umelainika kwa kusuguliwa na kamba za watu wa vizazi na vizazi.

Bwana Mtandika alikizunguka kwa heshima. "Tazameni neema ya nchi yetu," alisema. "Hata visima vinajichimba." Akasimika bendera kando yake.

Kazi ya kuona ikaanza. Sikudhani akapanda juu ya kreti.

"Ndugu mwananchi, unaona nini?" akauliza Mkuu wa Wilaya.

"Naona nyumba za msonge. Naona moshi na shamba la mtama. Naona bibi mmoja anatwanga."

"Tazama tena."

Sikudhani akatazama tena. "Sasa ameacha kutwanga. Anatutazama sisi."

Bwana Mtandika alikuwa mvumilivu. Alimweleza kwamba ardhi inayogawiwa ni ile tupu. Mtu akiona watu, basi hiyo anayoiona siyo inayogawiwa. Kwa hiyo hajaona kitu cha kupewa, na asiyeona cha kupewa hapewi. "Shuka, mama. Aje mwingine."

Aliyefuata alikuwa Kibwana. Kwa sababu ya vumbi la safari miwani yake ilikuwa mfukoni, naye alipanda kreti kwa kupapasa.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mheshimiwa."

"Huoni kitu kabisa?"

"Ni weupe tu."

"Weupe huo unafika wapi?"

Kibwana aligeuza shingo huku na huku, maana alikuwa mtu mkweli na hakutaka kukosea. "Naona hauna mwisho."

Bwana Mtandika aliwageukia wenzake akasema, "Huyu ndiye mwananchi tuliyekuwa tukimsubiri." Palepale akampa Kibwana bonde lote kutoka kisimani hadi kwenye vilima, na vyote vilivyomo. Waliofuata, kwa kuwa si wajinga, walipanda kreti wakiwa wamefumba macho. Lakini bonde lilikuwa limeshaisha, wakagawiwa vilima.

"Tumepata kiasi gani?" Kibwana alimwuliza mkewe aliposhuka.

"Bonde zima," Sikudhani akasema. "Umepewa pamoja na yule bibi."

"Bibi yupi?"

*

Lori la chakula halikufika, maana barabara nayo haikufika. Jioni wahamiaji walikuwa wameketi kimya wakizunguka bendera, matumbo yakiwanguruma, ndipo yule bibi alipokuja na wanawe wamebeba vyungu vya uji wa mtama. Aliitwa Nyamizi, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo uliokaa bondeni pale.

Aliwatazama, kisha akauliza kwa upole, "Mmefiwa?"

"Hapana, bibi," Sikudhani akajibu.

"Nimeona watu wengi wameketi nje, moto hakuna, nikadhani ni msiba."

"Tumekuja kuishi."

"Kwa nani?"

Wote wakamtazama Bwana Mtandika, naye akatazama juu kidogo ya kichwa cha Nyamizi, mahali ambapo sheria ilimruhusu kutazama. Lakini kibakuli cha uji alikipokea. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba uji upo, aliyeuleta hayupo. Asubuhi yake alitangaza kwa redio ya mawasiliano kwamba Magharibi ina rutuba ya ajabu, uji unajileta wenyewe, na wakati mwingine unaleta na viazi.

Wakaanza kuishi. Mahindi ambayo wahamiaji waliyapanda kwa maelekezo ya Wizara yalikauka, na waliyoyapanda kwa kumwuliza Nyamizi yakaota. Sikudhani alizoea kwenda kutwanga naye asubuhi, mchi kwa mchi, wakipokezana. Jambo moja lilimkaa kooni, na siku moja akalitoa.

"Bibi, kuna jambo sijakwambia. Mume wangu amepewa nyumba yako."

Nyamizi aliendelea kutwanga. "Amepewa na nani?"

"Na serikali."

"Kwani wao ndio walioijenga?"

"Hapana, bibi."

Nyamizi alitwanga mara chache, akifikiri. "Basi mwambie nyumba yake inavuja upande wa nyuma. Aje aezeke."

Sikudhani alipompelekea salamu hizo, Kibwana aliona aibu mpaka masikio. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alivaa miwani, akaenda, akapanda juu ya paa na kuezeka kutwa nzima huku wana wa Nyamizi wakimrushia nyasi na kumcheka. Jioni alirudi ana mikwaruzo, akamwambia mkewe, "Wale watu wapo, Sikudhani. Wako wengi."

"Mimi nilisema hivyo siku ya kwanza," Sikudhani akasema, "nikashushwa kwenye kreti."

*

Habari zikaja kwamba Rais mwenyewe anakuja kuitazama Magharibi. Bwana Mtandika alipiga pasi suti yake kwa sufuria ya makaa, akawakusanya wahamiaji.

"Mheshimiwa Rais anakuja kuona utupu," alisema, "na utupu wetu, niseme kweli, ni mchafu. Nimeomba askari. Kabla hajafika watausafisha. Kila kisichokuwepo kitaondolewa, na kisichoondoka kitachomwa."

Kibwana aliinua mkono. "Na watu, Mheshimiwa?"

"Watu gani?"

"Hawa wasiokuwepo."

"Watapelekwa ng'ambo ya mto. Huko nako hawatakuwepo."

Ng'ambo ya mto palikuwa na mawe na fisi, kila mtu alijua. Bwana Mtandika akaendelea kueleza kwamba Kibwana, kwa kuwa ndiye mwenye ardhi kubwa kuliko wote, atapandishwa kwenye kreti mbele ya Rais. Ataulizwa anaona nini, naye atajibu, "Sioni kitu, Mheshimiwa." Maneno hayo, alisema, yatakuwa kiapo cha wahamiaji wote wa taifa na yatafundishwa shuleni.

Sikudhani hakungoja mkutano uishe. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyamizi akamweleza yote. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, akauliza tu huyo Rais ana umri gani. Sikudhani akasema labda miaka hamsini na kitu.

"Kumbe mtoto," Nyamizi akasema, akarudi kwenye kinu.

Nyumbani, Sikudhani alimkuta mumewe anafanya mazoezi ya kiapo mbele ya kuku.

"Siku hiyo ukisema huoni," alimwambia, "ukirudi hapa hutanikuta."

"Nikisema naona watatunyang'anya kila kitu. Tutarudi kwenye kile chumba."

"Turudi."

"Tutalala tumeketi."

"Nimewahi kulala nimeketi, nikaamka mzima. Lakini sijawahi kulala katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa kwa ajili yangu. Hayo mahindi nayataka kuliko unavyoyataka wewe, unajua. Ila si hivyo."

Kuku mmoja aliendelea kumtazama Kibwana, akisubiri kiapo.

*

Kwa desturi Rais wa nchi ile alifika kila mahali amechelewa, na serikali nzima ilikuwa imejipanga kwa msingi huo. Lakini mara hii alikuja kwa helikopta, na angani hakukuwa na wa kumsimamisha njiani amsalimie, akafika mapema. Lori la askari wa kusafisha lilikuwa limekwama kwenye tope kule barabara ilikoishia. Askari walifika kwa miguu, wamelowa mpaka kiunoni, wakati Rais anatua, ikabidi wapangwe kwenye gwaride kama walivyo.

Bwana Mtandika hakukata tamaa. Aliagiza yaletwe mashuka na foronya zote ambazo Kibwana alikuja nazo kwa kazi yake ya magodoro, yakafungwa kwenye kamba ndefu kati ya jukwaa na nyumba za msonge. Askari wakaambiwa Mheshimiwa akikaa kula tu, wao waanze kazi yao nyuma ya mashuka, kimyakimya.

Nyuma ya mashuka mbuzi alilia.

"Ni nini hicho?" Rais akauliza.

"Ni upepo wa Magharibi, Mheshimiwa."

Mtoto akacheka.

"Na huo?"

"Ni upepo uleule, Mheshimiwa, umebadili mwelekeo."

Rais alihutubia. Alisema taifa lisilopanuka husinyaa, na lililosinyaa hukunjika, na lililokunjika hutiwa mfukoni na wengine. Alisema yeye binafsi hapendi kutiwa mfukoni. Makofi yalipigwa hadi bendi ikasahau zamu yake. Ndipo Bwana Mtandika akamwita Kibwana, naye akapanda juu ya kreti. Mkewe alisimama chini, mikono ameifumbata kifuani.

"Ndugu mwananchi," Bwana Mtandika akatangaza kwa sauti ya sherehe, "mbele ya Mheshimiwa Rais, unaona nini?"

Kibwana alitia mkono mfukoni. Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Naona mashuka yangu," alisema.

Bwana Mtandika alimkazia macho. "Na nini kingine huoni?"

"Naona na miguu, Mheshimiwa. Chini ya mashuka."

Watu wote wakainama kutazama, mawaziri nao wakainama. Na kweli, chini ya mashuka palikuwa na miguu mingi iliyojipanga, ya wakubwa na ya watoto, na ya mbuzi hapa na pale. Mkuu wa Wilaya alifungua mdomo aseme ni upepo, akaona haitafaa.

Shuka moja likasogezwa. Nyamizi akatoka, akatembea bila haraka hadi mbele ya Rais, akasimama. Alimtazama tu, kama bibi anavyomtazama mjukuu aliyeingia nyumbani bila kuamkia, akimpa nafasi ya kukumbuka adabu zake.

Rais alikuwa amelelewa na bibi yake, kama wengi wetu. Kuna mambo yaliyoingia mwilini kabla ya Katiba, na Katiba haiyafikii. Walinzi hawajajua wafanye nini, tayari mgongo wa Rais ulikuwa umeinama wenyewe, na mdomo wake umeshasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," Nyamizi akasema. "Hujambo? Mbona umekonda? Hawakupi chakula huko?"

"Wananipa, bibi," Rais akasema, kwa sauti ndogo ambayo taifa halikuwahi kuisikia.

Kisha akajikumbuka. Akamvuta Bwana Mtandika pembeni, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kila mtu akasikia.

"Mtandika, huyu bibi yupo?"

Mkuu wa Wilaya akisema hayupo, Rais amemwamkia hewa. Akisema yupo, yeye ameidanganya nchi. Alisimama hapo akipepesa macho, na ndipo uzoefu wake wa maegesho ulipomsaidia, maana huko alijifunza kwamba nafasi huwa tupu hadi mkubwa anapoegesha.

"Mheshimiwa," alisema, "kabla hujamwamkia, hakuwepo. Lakini kwa kuwa wewe hukosei, basi tangu ulipomwamkia, yupo."

Rais alilifikiria jambo hilo. Uso wake ukaanza kung'aa. "Unataka kusema nimemleta mimi?"

"Kwa neno moja, Mheshimiwa."

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Mashuka yaliangushwa, na Rais akapita akiamkia wazee mmoja mmoja, na kila aliyeamkiwa akawepo. Vijana walimwamkia yeye, na kwa kuwaitikia wakawepo pia. Mzee mmoja kiziwi hakuitikia, ikabidi arudiwe, asije akabaki nusu. Magazeti yaliandika kwamba Rais aliikuta Magharibi tupu, na kufikia saa ya chakula alikuwa ameijaza. Askari, walipoona waliotakiwa kuondolewa wamekuwepo, na amri yao ilihusu wasiokuwepo tu, waliketi wakala pamoja nao.

*

Siku zilizofuata wanasheria walikaa wakagundua kwamba, kwa kuwa bonde lina watu, siyo Magharibi iliyotajwa katika sheria. Utupu wenyewe utakuwa mbele zaidi. Bwana Mtandika akaagizwa aende akautafute. Aling'oa bendera yake, na kabla ya kuondoka alipita kwa Nyamizi. Mara ya kwanza katika kazi yake alimtazama usoni.

"Bibi, huko mbele kuna watu?"

"Wapo," Nyamizi akasema. "Na mbele yao wapo. Chukua viazi vya njiani."

Alivichukua, akashukuru, akaenda zake na bendera begani. Husikika mara mojamoja kwenye redio ya mawasiliano, akisema anaukaribia.

Ardhi zote zilizogawiwa kwa macho zikafutwa. Wahamiaji wengi walirudi mjini, mjomba mrefu akitangulia. Kibwana aliyekuwa na bonde zima akabaki na godoro moja, maana hata mashuka watu walikuwa wamefungia watoto mgongoni, na yeye hakuwa na moyo wa kuyadai.

Asubuhi moja yeye na mkewe walivaa nguo zao nzuri, wakaenda kwa Nyamizi, wakaketi chini.

"Tumekuja kuomba, bibi," Sikudhani akasema.

"Kuomba nini?"

"Mahali pa kukaa na kulima."

"Si mmekaa hapa misimu miwili?"

"Tumekaa. Ila hatukuwa tumeomba."

Nyamizi aliwaacha hapo akaingia ndani kuzungumza na nduguze. Walizungumza muda mrefu, na wakati mwingine sauti zilipanda. Kuna aliyesema hapana, wakamsikia vizuri. Sikudhani alitazama ardhi mbele ya miguu yake. Hakuwahi kuogopa hivyo hata mbele ya askari, kwa sababu hapa aliyekuwa anaamua alikuwa na haki ya kukataa.

Nyamizi alitoka amebeba jembe. Alimpa Kibwana, akamwonyesha sehemu yenye visiki karibu na kijito.

"Anzia pale," alisema.

Kibwana alilipokea kwa mikono miwili. "Na mpaka wake uko wapi, bibi?"

"Utakapochoka."

Kibwana akaenda, akavaa miwani vizuri, akaanza kulima. Alichoka kabla jua halijafika utosini. Sikudhani akajifunga khanga kiunoni, akalichukua jembe mikononi mwake, akaendelea pale alipoishia.